Nianze na kupiga picha au kuhariri? Jibu kwa mpigapicha wa ridhaa

Swali: Ninapiga picha kwa kujifurahisha. Nina simu pamoja na kamera niliyoinunua ikiwa imeshatumika, yenye lenzi ya milimita 18 hadi 55. Nimejifunza kwa kutazama video na nimepakua filta nyingi, lakini picha zangu ama zinapooza ama zinakolea kupita kiasi. Nimeambatisha picha ya babu yangu akiwa amekaa karibu na dirisha. Nimeihariri mara nyingi, na bado uso wake una rangi ya chungwa. Je, nijifunze kwanza kupiga au kuhariri? Nitumie programu gani? Nitajuaje kwamba kazi imekwisha? Na je, ninunue lenzi mpya?

Jibu: Maswali yako manne yamefungamana, na la kwanza ndilo linaloyabeba mengine. Ushauri wangu ni kwamba usijifunze kimoja ukakiacha kingine, kwa sababu kupiga na kuhariri ni kazi moja inayofanyika kwa awamu mbili, na karibu kila kitelezi (kile kidude unachokiburuta kuongeza au kupunguza kitu) unachokigusa kwenye programu kina mwenzake kwenye kamera. Kitelezi cha mwangaza kinasahihisha uamuzi wa tundu la lenzi, kasi ya shata (muda ambao kamera inaruhusu mwanga uingie) na ISO (kiwango cha kamera kuuhisi mwanga). Kitelezi cha joto la rangi kinasahihisha makadirio ya kamera kuhusu taa au jua lililokuwa likimulika. Na kifaa cha kukatia picha kinasahihisha mahali uliposimama. Kwa hiyo, mbali na kuipendezesha picha, kuhariri ni njia ya kuyasoma makosa ya upigaji wako, tena yako wewe na si ya yule aliyetengeneza video.

Kabla ya kutafuta somo lingine lolote, chukua picha 20 za karibuni, uzihariri moja baada ya nyingine bila filta, na kwa kila picha uandike kwenye daftari kitelezi cha kwanza ambacho mkono wako ulikikimbilia. Ukimaliza, hesabu. Kama katika picha nyingi ulianza kwa kuongeza mwangaza, kamera yako inakosea kupima mwanga nawe unaiachia. Kama ulianza kwa kukata, ama unasimama mbali mno ama huzitazami kingo za fremu kabla ya kubonyeza. Kama ulianza kwa kupunguza umanjano, bado hujazoea kuisoma rangi ya mwanga. Lile litakalojitokeza zaidi ndilo somo lako la wiki hiyo, na huenda lisifanane kabisa na la mwenzako. Anayeanza kwa kuongeza ukali katika kila picha ana tatizo la mkono kutikisika au la fokasi kukosa shabaha, na hilo, kwa bahati mbaya, ndilo ambalo programu hulitibu vibaya kuliko mengine yote.

Sasa niitazame picha ya babu yako, kwa kuwa ndani yake yamo mengi ya unayoyahitaji kwa sasa. Mzee amekaa ubavuni mwa dirisha akiwa amevaa shati jeupe, na sehemu ya dirisha lenyewe inaonekana nyuma ya bega lake. Nilipoikuza hadi pikseli zikaanza kuonekana niliona mambo matatu. Dirisha limeungua, yaani pale palipopaswa kuonekana nje pamebaki weupe mtupu ambao hakuna kitelezi kitakachourudishia kitu. Kwenye shavu la upande wa kivuli zimejaa chenga, zile nukta za zambarau na kijani zinazojitokeza mtu anapolilazimisha giza liwe nuru. Na pale bega linapokutana na ukuta pana utepe mwembamba wa weupe unaomzunguka mzee kuanzia shingoni hadi kwenye kiwiko, ambao haukuwepo chumbani. Yote matatu yana asili moja: uso ulipigwa ukiwa na giza kupita kiasi, na programu ikaombwa kufidia kile ambacho kamera haikukipokea.

Sababu ya uso kuwa na giza ni ya kawaida sana. Kipimamwanga cha kamera hakijui lipi ni shati na ipi ni ngozi. Kimetengenezwa kwa dhana kwamba mandhari yote, ukiyachanganya pamoja, yatatoa kijivu cha wastani kinachoakisi takriban asilimia 18 ya mwanga unaoyafikia. Fremu ikijaa vitu vyeupe, kamera inadhani mwanga umezidi na inaupunguza. Ikijaa vitu vyeusi, inafanya kinyume chake. Katika picha yako dirisha na shati vilichukua sehemu kubwa ya fremu, kamera ikapunguza mwanga ili kuvinusuru, na uso wa mzee, ambao ndio uliokusudiwa, ukatumbukia gizani. Kamera za siku hizi zinazotambua nyuso zimepunguza tatizo hili lakini hazijalimaliza, na linaonekana zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi waliosimama mbele ya ukuta mweupe au anga angavu.

Dawa ipo kwenye kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, ambacho wapigapicha wengi wa ridhaa hukaa nacho miaka bila kukigusa. Kikipandishwa kwa hatua moja, kamera inaingiza mwanga mara mbili ya ule iliokuwa imeukusudia. Kwenye simu, gusa uso wa unayempiga kisha usogeze juu alama ya jua inayotokea kando ya kidole. Dirisha litaungua zaidi, ndiyo, na hapo ndipo unapopaswa kuamua kama dirisha lina kazi yoyote katika picha. Kwangu mimi halina. Ungesogea hatua mbili pembeni lingetoka kwenye fremu. Ungemwomba mzee ageuze kiti alitazame, mwanga huohuo uliokusumbua ungemwangukia usoni.

Tena ni mwanga mzuri mno kuupoteza. Ulaini wa mwanga unatokana na ukubwa wa chanzo chake ukilinganishwa na kile kinachomulikwa, na ndiyo maana jua la mchana, ambalo kwa macho yetu ni duara dogo, linachora kivuli kikali chini ya pua, ilhali anga lenye mawingu, ambalo limekuwa chanzo kimoja kikubwa, halichori karibu kivuli chochote. Dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja liko katikati ya hayo mawili. Mtu akilisogelea, linakuwa kubwa zaidi kwake na vivuli vinalainika. Wakati huohuo ukuta wa nyuma, ulio mbali na dirisha, unapata mwanga kidogo kulinganisha na uso, kwa hiyo unajififisha wenyewe. Mpigapicha anayelielewa hilo hahitaji kifaa cha kutia ukungu nyuma ya mtu wala kitelezi cha kuongeza giza kingoni.

Ninakupa zoezi moja hapa, nalo lina thamani kuliko video kumi. Mkalishe mtu yeyote mwenye subira mita moja kutoka dirishani, uzime taa zote, kisha umzungushe kidogo kidogo kuanzia kulitazama dirisha hadi kulipa mgongo, huku wewe ukihama pamoja naye ili uso uendelee kuitazama kamera. Katika kila hatua piga picha moja. Ukizipanga kwenye kioo cha kompyuta utaona pua ikianza kutupa kivuli, kisha kivuli hicho kikiungana na kile cha shavu, kisha jicho la upande wa pili likizama. Ile hatua ambayo pembetatu ndogo ya nuru inabaki chini ya jicho la upande wa giza ina jina la mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17, Rembrandt, na wapigapicha wa sura za watu wanaitumia hadi leo. Ukishaiona kwa macho yako utaitambua kila mahali.

Kuhusu vile vidhibiti vitatu vya mwanga sitasema mengi, kwa kuwa naamini umeshavisikia. Nitagusia lile ambalo video nyingi huliruka. Namba za tundu la lenzi, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, zinaonekana hazina mpangilio, lakini kila moja inaruhusu nusu ya mwanga ulioruhusiwa na iliyotangulia, kwa sababu namba hiyo ni urefu wa fokasi (zile milimita zinazoandikwa kwenye lenzi) uliogawanywa kwa kipenyo cha tundu, na mwanga unapita kulingana na eneo, si kipenyo. Kasi ya shata na ISO nazo zinakwenda kwa kuongeza au kupunguza mara mbili. Ukitaka kumgandisha mtoto anayekimbia kwa sehemu 1 ya 500 ya sekunde badala ya 1 ya 125, umepoteza hatua mbili za mwanga, na lazima uzilipe kwa kufungua tundu kutoka 8 hadi 4 au kwa kupandisha ISO kutoka 400 hadi 1600. Mtu anayeweza kufanya hesabu hiyo kichwani ameshakuwa bwana wa kamera yake, hata kama anaiacha ijiendeshe yenyewe muda mwingi. Watu wengi wanaogopa ISO kupita kiasi na matokeo yake wanarudi nyumbani na picha zilizotikisika. Chenga zinapunguzika kwenye programu, lakini mtikisiko umeshaandikwa ndani ya picha.

Jambo la mwisho kabla hujafungua programu ni aina ya faili. Kamera yako inaweza kuhifadhi JPEG, faili ghafi inayoandikwa RAW kwenye menyu, au zote mbili. JPEG, ambayo kanuni zake zilipitishwa mwaka 1992, inagawa kila moja ya rangi tatu (nyekundu, kijani na buluu) katika ngazi 256 kuanzia giza hadi nuru, na inapohifadhiwa kamera inakuwa imeshaamua kuhusu joto la rangi, ukali na ukolezaji, kisha imetupa kilichobaki ili faili iwe ndogo. Faili ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384, na joto la rangi ndani yake bado ni pendekezo tu. Ndiyo maana ngozi iliyogeuka chungwa kwenye JPEG ni kazi ngumu kuitengeneza, ilhali kwenye faili ghafi mara nyingi ni suala la kusogeza kitelezi kimoja. Simu nyingi za daraja la kati na la juu nazo zinaweza kutoa faili ghafi, ingawa kwenye simu ninakuachia hiari, kwa sababu picha yake ya kawaida imetengenezwa kwa kuunganisha picha kadhaa zilizopigwa kwa mfululizo, na faili ghafi ikikosa msaada huo inaweza kukukatisha tamaa kwa chenga zake.

Tuje kwenye uhariri wenyewe, na kwanza kabisa kwenye kioo unachotazamia. Simu na kompyuta nyingi huwasha usiku kichujio cha mwanga wa buluu kinachoipaka skrini umanjano ili kuyapumzisha macho. Ukihariri huku kimewashwa, macho yako yataufidia umanjano huo na asubuhi picha zako zitakuwa za buluu. Kizime. Usipandishe mwanga wa skrini hadi mwisho pia, kwa sababu picha iliyoonekana ya kung'aa kwenye skrini iliyopandishwa itatoka na giza ikisafishwa kwenye karatasi, na mwenye mashine ya kuchapia atalaumiwa bure. Macho yenyewe si shahidi wa kuaminika, kwa hiyo jifunze kuisoma histogramu, yaani mchoro unaoonyesha jinsi giza na nuru vilivyogawanyika katika picha: kushoto kuna giza, kulia kuna nuru, na kimo cha mlima kinaonyesha ni pikseli ngapi ziko kwenye ngazi hiyo. Mlima uliobanana na ukuta wa kulia maana yake kuna sehemu zilizoungua. Hakuna umbo la histogramu lililo sahihi kwa picha zote, na anayekuambia uupange mlima katikati anakufundisha kutengeneza picha za kijivu.

Katika kazi yenyewe, utaratibu unaofaa ni kwenda kutoka jumla hadi sehemu. Nyoosha na kata kwanza, kwa sababu kile utakachokitupa hakina haja ya kusumbua maamuzi yako kuhusu mwangaza. Lakini kumbuka kwamba kukata kunagharimu, kwani faili ya pikseli 6000 kwa 4000 ukiipunguza nusu kila upande inabaki na 3000 kwa 2000, yaani robo ya ulichokuwa nacho. Kisha sawazisha rangi nyeupe kwa kitelezi cha joto la rangi, kisha mwangaza wa jumla, kisha sehemu angavu na vivuli, na mwisho uamue ni kipi katika picha kitakuwa cheusi kabisa na kipi kitakaribia weupe kamili. Hapa ndipo picha zinazopooza zinapopatia dawa. Picha nyingi za ridhaa zinazoitwa hazina uhai hazikupungukiwa rangi, zimepungukiwa weusi. Mwenyewe akaona zimefifia, akazikoleza, na sasa ana picha iliyofifia yenye rangi za kupiga kelele, jambo ambalo nadhani ndilo linalokusibu. Weka weusi mahali pake kwanza, halafu utashangaa jinsi rangi zinavyojitokeza bila kuguswa.

Kuhusu joto la rangi, hesabu inafanywa kwa kelvini, ambapo namba ndogo ni mwanga wa umanjano na kubwa ni wa ubuluu: mshumaa uko karibu na 1900, balbu ya waya karibu na 2800, mwanga wa mchana karibu na 5500, na kivuli chini ya anga la buluu hupita 7000. Katika picha ya babu yako kulikuwa na vyanzo viwili, yaani dirisha lenye mwanga wa ubaridi na balbu ya njano ambayo kivuli chake kinaonekana ukutani. Hakuna namba moja itakayoviridhisha vyote viwili. Kamera ilifuata dirisha, upande wa uso unaotazama balbu ukabaki na umanjano, kisha filta uliyoitumia ikaongeza joto juu ya joto, na hapo ndipo lilipotoka chungwa. Kwenye faili uliyonayo ningefanya hivi: ningeondoa filta yote, ningelichagua shavu la upande wa balbu peke yake kwa brashi laini, ningelipunguzia joto kidogo na ukolezo kidogo, na nisingeigusa rangi ya sehemu nyingine. Safari ijayo, zima balbu.

Filta hizo ulizopakua si mbaya kwa asili yake. Ni maamuzi ya mtu mwingine, aliyoyafanya juu ya picha zake, chini ya mwanga wake, na mara nyingi juu ya ngozi isiyofanana na ya unaowapiga. Suala hili si la leo. Katika karne ya 20 kampuni ya filamu ya Kodak ilizigawia maabara za kusafishia picha kadi za kulinganishia rangi zilizokuwa na sura ya mwanamke mzungu, zikajulikana kwa jina la Shirley, na rangi ikihesabiwa kuwa imekaa sawa pale ngozi ya mwanamke huyo ilipotoka vizuri. Wenye ngozi nyeusi walibaki na meno na macho yaking'aa katika uso usioonyesha chochote. Kwa hiyo filta inapomgeuza babu yako rangi, ichukulie filta kuwa ndiyo iliyokosea. Zitumie kama nyenzo ya kujifunzia: ibandike moja, kisha fungua vitelezi uone kila kimoja kimesogezwa wapi, urudishe kimoja kimoja kwenye sifuri na utazame kilichobadilika.

Watakuwepo watakaokuambia kwamba kuhariri ni udanganyifu na kwamba wa zamani walibonyeza tu. Si kweli. Ansel Adams wa Marekani, aliyepiga picha yake maarufu ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez mwaka 1941, aliendelea kuichapa upya kwa miongo kadhaa, na katika nakala za baadaye anga limekuwa jeusi zaidi sana kuliko lilivyokuwa katika za mwanzo. Alifanya hivyo kwa mikono, akikinga sehemu fulani ya karatasi isipate mwanga na kuiongezea nyingine, na hadi leo alama za vifaa vya kazi hizo mbili ndani ya Photoshop, programu ya kuhariri picha iliyotoka mwaka 1990, ni kile kijiti chenye duara kilichotumika kukingia na mkono uliokunjwa kupitisha mwanga. Nikushauri uzoee kazi hizo mbili mapema kuliko nyingine yoyote ya sehemu. Kuongeza nuru kidogo usoni na kupunguza kidogo kwenye mkono unaong'aa pembeni kunaelekeza jicho la mtazamaji vizuri kuliko mipaka ya ukungu na athari za jua bandia. Mpaka usioruhusiwa kuuvuka upo kwenye picha za habari, ambako kuongeza kitu kisichokuwepo au kuondoa kilichokuwepo ni kosa kubwa la kitaaluma. Picha ya babu yako haimo humo, ingawa binafsi nisingeifuta mikunjo ya uso wake.

Programu ni swali ambalo watu hulipa uzito kupita stahili yake. Kwa simu, Snapseed ni ya bure, inafungua faili ghafi za DNG (mojawapo ya miundo ya faili ghafi) na ina kila nililolitaja hapo juu. Lightroom ya simu ina sehemu ya bure inayotosha kuanzia. Kwa kompyuta, darktable na RawTherapee ni za bure na zinashughulikia faili ghafi, wakati GIMP, inayopatikana kwa umma tangu mwaka 1996, inafaa pale unapohitaji kufanya kazi kwa tabaka, yaani kuweka picha au mabadiliko moja juu ya jingine, lakini yenyewe haifungui faili ghafi bila kuzipitisha kwanza kwenye mojawapo ya hizo mbili. darktable inatisha mwanzoni kwa wingi wa vifungu vyake. Chagua moja, ukae nayo mwaka mzima, na usihame kwa sababu tu mtu fulani amesifu nyingine. Kigezo kimoja tu ndicho nisichokubali kukilegeza: iwe programu inayoiacha faili ya awali salama, ili kosa la leo liweze kurekebishwa mwakani ukiwa na macho yaliyokomaa zaidi. Na faili hizo za awali ziwe na nakala mahali pengine, kwa maana simu huibwa na diski hufa.

Utajuaje kwamba kazi imekwisha? Macho huzoea haraka, na kila dakika unayoitazama picha inaonekana inahitaji chumvi zaidi. Ukidhani umemaliza, iache hadi kesho yake. Ukirudi, itazame kwanza ikiwa ndogo kama stempu, kwa kuwa katika ukubwa huo utaona kama jicho linakwenda kwenye uso au linavutwa na kitu kingine; kisha igeuze kwa muda iwe nyeusi na nyeupe uone kama mpangilio wa nuru na giza unasimama bila msaada wa rangi; kisha ikuze ukague kingo, hasa pale nywele, paa au bega vinapokutana na anga au ukuta, utafute ule utepe mweupe. Ukiukuta, umezidisha vivuli au kile kitelezi cha kuongeza uwazi. Baada ya hapo linganisha na picha ya awali. Kama kinachokujia kwanza ni kwamba imehaririwa, vipunguze vitelezi vyote kwa theluthi moja, na mara nyingi utakuta hapo ndipo ilipopaswa kuishia. Chenga uzipunguze kwa kiasi, kwani uso uliosafishwa hadi ukawa laini kabisa unachukiza kuliko chenga zenyewe, na ukali uongezwe mwisho kabisa, kwa kufuata ukubwa ambao picha itatumika.

Unapoitoa picha kwenye programu, chagua mpangilio wa rangi uitwao sRGB, kwa sababu rangi za Adobe RGB zinaonekana zimepauka kwenye programu zisizojua kuzisoma. Kwa karatasi ya sentimita 10 kwa 15 zinatosha pikseli 1800 kwa 1200, ambazo ni nukta 300 kwa inchi. Ukimtumia mtu kwa WhatsApp, itume kama hati, la sivyo itabanwa na kazi yako yote ya kutafuta ukali itapotea njiani.

Limebaki la lenzi. Kitu kimoja ambacho lenzi yako haiwezi ni kuingiza mwanga mwingi: ikivutwa hadi milimita 55, kwa kawaida tundu lake halifunguki kupita 5.6. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la 1.8, ambayo karibu kila mtengenezaji anayo na huwa miongoni mwa zile za bei nafuu kwake, inaingiza karibu mara kumi ya mwanga huo, yaani kule ndani ulikolazimika kutumia ISO 3200 ungetumia 400 hivi. Hiyo ni tofauti ya kweli, na kama daftari lako la picha 20 linaonyesha kwamba tatizo lako ni chenga na mtikisiko wa ndani ya nyumba, basi lenzi hiyo ni ununuzi wa haki. Kama linaonyesha kwamba tatizo ni kukata, lenzi haitakusaidia kitu. Zingatia pia kwamba lenzi ya 18 hadi 55 kwa kawaida huuzwa pamoja na kamera zenye kihisi (kile kipande kinachopokea mwanga) kidogo kuliko cha fremu kamili, yaani chenye ukubwa wa filamu ya milimita 35, na juu ya kihisi hicho milimita 50 huona eneo ambalo milimita 75 au 80 zingeliona kwenye fremu kamili. Katika chumba kidogo utajikuta mgongo umegota ukutani na bado miguu ya mtu haijaingia. Kwa hiyo jaribu kwanza bila gharama: izungushe lenzi uliyonayo hadi milimita 50, uibane kwa kipande cha utepe isisogee, upige hivyo kwa wiki mbili, kisha urudie kwenye milimita 35. Namba ambayo hukutamani kuubandua utepe ndiyo ya kununua.